Mwanasheria, mchumi na mtaalamu wa nafaka meza moja: jinsi ya kuandaa mdahalo wa wasomi kuhusu mtangamano wa Afrika Mashariki

Makongamano kuhusu mtangamano wa Afrika Mashariki hayana uhaba. Kinachokosekana mara nyingi ni mdahalo wenyewe. Mchumi anasoma majedwali yake, mwanasheria anapitia ibara zake, mwanahistoria anakumbusha jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivyovunjika 1977, mwisho kunatolewa azimio lenye mambo kumi na nne ambalo hakuna ofisi inayolisubiri. Wote wamesema kweli, lakini hakuna aliyebadilisha hata sentensi moja ya mada yake kwa sababu ya alichosikia kwa mwenzake wa fani nyingine.

Mwongozo huu ni wa idara, kigoda au kikundi cha wahadhiri wanaotaka fani zigusane kweli, na matokeo yafike kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Vipimo tunavyotumia ni siku mbili, watu 24 hadi 30, na maandalizi ya miezi sita. Ukizidi watu 30, wanaozungumza watabaki walewale kumi na wengine watageuka wasikilizaji.

Chagua mgogoro mmoja

"Mtangamano, maadili ya pamoja na changamoto za sera" ni jina la bango. Halimlazimishi mtu yeyote kujibu kitu. Kabla ya kuandika andiko dhana, tafuta mgogoro mmoja halisi wenye sifa hizi: unahusu angalau nchi mbili wanachama, una hati inayoweza kusomwa na kila mshiriki, una kipimo kinachobishaniwa, una watu walioumia, na uamuzi wake bado unaweza kubadilishwa. Sifa ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi.

Mfano unaofaa sana ni mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, na malori yakakwama Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Siku chache baadaye marufuku ililegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho si cha Kenya peke yake. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, toleo la 2017, kinasema jumla ya sumukuvu isizidi 10, aina ya B1 isizidi 5, na unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5. Yaani nchi zote zilikwisha kukubaliana juu ya namba, na bado mpaka ukafungwa.

Hapo ndipo kila fani inapata kazi. Mtaalamu wa nafaka ataeleza kwamba kuvu haienei sawasawa kwenye shehena. Punje chache zilizooza kwenye gunia moja zinaweza kubeba sumu nyingi, na magunia ya jirani yakawa safi. Ofisa anayechoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli guniani, kwenye magunia ya juu tu, pale yanapofikika kwa mkono, anaweza kupitisha shehena mbaya asubuhi na kukataa nzuri jioni, wala hajadanganya. Kwa hiyo maabara mbili za nchi mbili zinaweza kutoa majibu tofauti kwa lori moja kwa sababu ya namna sampuli ilivyochukuliwa, kabla hata ya ubora wa mashine kuingia kwenye hesabu. Mwanasheria akisikia hilo, swali lake linabadilika. Badala ya kuuliza tu kama marufuku ilivunja ibara ya 13 ya Itifaki ya Umoja wa Forodha inayohusu vikwazo visivyo vya kiushuru, anaanza kuuliza ni hati gani inayosema sampuli ichukuliwe vipi, na cheti cha upande mmoja kina nguvu gani upande wa pili.

Mchumi ana swali la nani anabeba gharama: mkulima anayeshushiwa bei, mwenye lori anayelipia siku za kusubiri, au mlaji wa unga mjini. Mwanahistoria ana jambo ambalo wengine hulipuuza. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Ofisa wa afya aliyekulia kwenye kumbukumbu hiyo hawezi kuona marufuku kwa jicho la mfanyabiashara wa Kibaigwa, kwenye soko la mahindi la mkoani Dodoma. Na mfanyabiashara anayekumbuka mpaka wa Tanzania na Kenya ulivyofungwa 1977 mpaka 1983 hawezi kuona tangazo la ghafla kama jambo la kitaalamu tu. Mtaalamu wa mawasiliano anauliza tangazo lilimfikia mkulima kwa njia gani, kwa lugha gani, na baada ya siku ngapi.

Ukishapata mgogoro, andika swali moja la maneno yasiyozidi 25. Kwa mfano: "Nani alipe gharama ya kuthibitisha usalama wa mahindi yanayovuka mpaka, na kipimo cha nchi moja kikubalike nchi nyingine kwa masharti gani?" Lipeleke kwa wenzako watatu wa fani tofauti. Mmoja akisema halimhusu, lirekebishe. Mmoja akiweza kulijibu peke yake bila kumhitaji mwingine, lirekebishe pia, maana hilo ni swali la fani moja.

Kama mahindi hayafai mahali ulipo, kuna migogoro mingine yenye sifa zilezile. Sarafu moja ni mmojawapo: itifaki ilisainiwa 30 Novemba 2013, lengo likawa 2024, sasa limesogezwa hadi 2031. Kipo pia kiwango cha nne cha ushuru wa pamoja wa forodha, asilimia 35, kilichoanza 1 Julai 2022, na maombi ya kila mwaka ya nchi kutoza tofauti na wenzao. Na upo mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika 1 Julai 2024 huku wanachama wengine wakiwa nje yake.

Nani aalikwe, na nani asialikwe

Kwa watu 28, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: wasomi 16 kutoka fani zisizopungua tano, watumishi wa umma 6, na watu 6 wanaoishi na jambo lenyewe. Katika mgogoro wa mahindi, watumishi wa umma ni watu wa forodha, mashirika ya viwango (TBS la Tanzania, KEBS la Kenya, UNBS la Uganda), na wizara zinazoshughulikia Jumuiya. Wanaoishi na jambo ni wakulima, mawakala wa forodha, madereva na wafanyabiashara wadogo wa mpakani, ambao wengi wao ni wanawake.

Omba ofisa wa ngazi ya kati, yule anayeandaa faili. Waziri au katibu mkuu akifungua mkutano huondoka baada ya hotuba, na msafara wake huondoka naye. Ofisa wa dawati hukaa siku zote mbili, na ndiye atakayeandika aya itakayosomwa na bosi wake. Kwenye barua ya mwaliko taja mada kamili na sema wazi kwamba hakuna hotuba ya ufunguzi inayozidi dakika 10. Baadhi ya ofisi zitapoteza hamu. Ni afadhali kuzipoteza mapema.

Mfanyabiashara wa mpakani akipoteza siku ya kazi hana mshahara wa kumfidia kama mhadhiri. Usipange mkutano siku ya gulio la eneo lake, na mlipe fidia ya siku pamoja na nauli kabla hajarudi nyumbani. Kumwambia "fomu itashughulikiwa na uhasibu" ni kumwondoa kwenye mdahalo ujao.

Epuka kuwa na mtu mmoja tu wa fani fulani. Mwanahistoria akiwa peke yake anageuzwa kuwa mpambaji wa utangulizi. Wakiwa wawili watabishana, na hapo wengine watatambua kwamba historia nayo ina ushahidi na mbinu za kuupima.

Maandiko yatangulie, na yasisomwe na mwenyewe

Kila msomi mwenye andiko (wasizidi saba, kwa kuwa kila andiko lina kikao chake na vikao havizidi saba) aandike kurasa 6 hadi 8, si zaidi, na azitume wiki nne kabla. Mpe maelekezo matatu: ukurasa wa kwanza ueleze jibu lake kwa swali la mdahalo, si historia ya fani yake, kila jedwali liambatane na sentensi mbili zinazosema linaonyesha nini, na mwishoni aandike jambo moja ambalo fani yake haiwezi kulijibu peke yake. Agizo hilo la tatu ndilo linaloleta faida kubwa kuliko yote. Mchumi anapoandika "sijui kama bei ya mpakani ilipanda kwa sababu ya marufuku au kwa sababu ya uvumi uliotangulia", amemfungulia mlango mtaalamu wa mawasiliano.

Wiki tatu kabla, gawa maandiko kwa kuvuka fani. Andiko la mwanasheria aliwasilishe mchumi, la mchumi aliwasilishe mtaalamu wa nafaka, na kuendelea hivyo. Mwandishi hawasilishi andiko lake. Baadhi watalalamika, hasa wale wenye majina makubwa, lakini shikilia msimamo. Mtu anayelazimika kueleza hoja ya mwenzake mbele ya watu husoma kwa makini, hupiga simu kuuliza, na huacha istilahi asizozielewa. Mdahalo unaanza wiki tatu kabla ya ukumbi kufunguliwa.

Tayarisha pia kifurushi cha hati kisichozidi kurasa 40: ibara husika za Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa Arusha 30 Novemba 1999, itifaki au sheria inayobishaniwa, tangazo lenyewe, na takwimu za pande zote. Kwa mahindi, weka Sheria ya Jumuiya ya 2006 kuhusu viwango, ubora na vipimo, na ile ya 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru. Ukiweka kurasa 300 hakuna atakayesoma.

Kama mtakusanya mahojiano kabla ya mkutano, kibali cha utafiti kinatakiwa: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda, na Zanzibar ina utaratibu wake. Omba mapema, kwa sababu kibali cha nchi moja hakivuki mpaka.

Kikao cha dakika 75

Huu ndio muundo unaopendekezwa kwa kila andiko:

1. Dakika 12: msomaji wa fani nyingine anawasilisha andiko kwa maneno yake, bila slaidi zaidi ya tatu.
2. Dakika 5: mwandishi anasahihisha pale alipoeleweka vibaya. Haruhusiwi kuongeza hoja mpya.
3. Dakika 8: kimya. Kila mtu anaandika kwenye kadi hoja moja anayoikubali na moja anayoipinga.
4. Dakika 35: majadiliano, kuanzia na kadi za wasio wasomi.
5. Dakika 15: kuandika kwa pamoja mistari miwili, mmoja wa tulichokubaliana na mmoja wa tunachotofautiana.

Dakika nane za kimya zinaonekana nyingi mkiwa mnapanga, na waandaaji wengi huzikata saa inapobana. Msizikate. Bila hizo, majadiliano hufuata aliyenyoosha mkono wa kwanza, na huyo kwa kawaida ni profesa. Kadi zinampa wakala wa forodha nafasi ya kupanga hoja yake kabla sauti nzito hazijajaza chumba.

Weka ubao wenye safu tatu: ushahidi, tafsiri, thamani. Mwenyekiti aainishe kila hoja inaposemwa. "Sampuli 12 zilizidi sehemu 10 kwa bilioni" ni ushahidi, na swali linalofuata ni sampuli zilichukuliwaje. "Ile marufuku ilikuwa kikwazo cha biashara" ni tafsiri, na swali linalofuata ni kwa kigezo cha hati gani. "Afya ya mlaji itangulie kipato cha mkulima" ni thamani, na hapo hakuna jedwali litakalomaliza ubishi, kinachotakiwa ni watu kusema wanachokithamini na kwa nini. Mabishano mengi ya fani tofauti hukwama kwa sababu mmoja anajibu suala la thamani kwa takwimu, na mwingine anajibu takwimu kwa ibara. Ubao unaonyesha mkwamo huo kwa macho, na watu wenyewe huanza kujirekebisha kufikia kikao cha tatu.

Mwenyekiti asitoke kwenye fani ya mwandishi wala ya msomaji. Kazi yake ni tatu: kulinda muda, kuuliza "hiyo ni safu ipi?", na kumzuia yeyote anayetumia istilahi ya fani yake bila kuifafanua. Akikutana na "unyumbukaji wa mahitaji" au "mwendelezo wa ukiukaji", asimamishe, apate sentensi moja ya maana, aendelee.

Kila kikao kiwe na waandishi wawili wa kumbukumbu, mmoja wa hoja na mwingine wa maneno ya mistari miwili ya mwisho. Tangaza mwanzoni kwamba yaliyosemwa yanaweza kutumika ila msemaji hatajwi. Bila kanuni hiyo ofisa wa serikali atasoma tamko la wizara na kunyamaza.

Kwa siku mbili, vikao vya aina hii visizidi saba: vinne siku ya kwanza, vitatu asubuhi ya siku ya pili. Mchana wa siku ya pili ni wa kuandika tu. Waandaaji wanaojaza ratiba kwa maandiko kumi na mawili wanaishia kugawa dakika tano za maswali, na hapo kilichofanyika ni mfululizo wa mihadhara.

Maadili ya pamoja yashikwe mkononi

Sehemu ya maadili ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi, kwa sababu kila mtu anaunga mkono utu, umoja na haki. Njia ya kuikoa ni kuanza na maandishi yaliyokwisha kusainiwa. Ibara ya 6(d) ya Mkataba inataja utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, uwajibikaji, uwazi, haki ya kijamii, fursa sawa, usawa wa kijinsia na haki za binadamu kwa mujibu wa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ibara ya 7(1) inaongeza kanuni za utekelezaji: ushirikiano unaowalenga wananchi na kuongozwa na soko, kila jambo kuamuliwa katika ngazi inayofaa, nchi kuruhusiwa kwenda kwa kasi tofauti, na mgawanyo wa haki wa manufaa.

Maadili haya yanagongana, na kugongana kwake ndiko kunakostahili saa zenu. Kulenga wananchi na kuongozwa na soko vimewekwa katika kifungu kimoja, lakini mahindi yanapokuwa na shaka ya sumu vinavuta pande mbili. Kasi tofauti inasaidia nchi iliyo tayari, na wakati huohuo inadhoofisha sauti ya pamoja. Toa kwa kila kikundi cha watu sita kesi moja na maadili mawili yanayogongana ndani yake, kisha waulize: katika kesi hii, lipi litangulie, na mwenye kupoteza alipwe nini? Swali la fidia ndilo linalotenganisha msimamo wa kweli na maneno mazuri.

Mahakama ya Afrika Mashariki ina maamuzi yanayofaa kusomwa hapa hata na wasio wanasheria. Katika shauri la Katabazi na wenzake la 2007, kuhusu washtakiwa waliokamatwa tena mahakamani Uganda baada ya kupewa dhamana, Mahakama ilisema haina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya haki za binadamu moja kwa moja, lakini haitakwepa wajibu wake wa kutafsiri Mkataba kwa sababu tu haki za binadamu zimetajwa. Utawala wa sheria uliotajwa kama kanuni ukawa msingi wa hukumu. Hapo mwanafalsafa na mwanasheria wanapata mahali pa kukutana. Wakumbushe washiriki pia ibara ya 30(2): mtu ana miezi miwili tu ya kufungua shauri. Mapendekezo yanayosema "wananchi waende mahakamani" bila kutaja miezi hiyo hayamsaidii mtu.

Kama mtatumia kura za maoni kama ushahidi wa maadili, chunguza swali lilivyoulizwa. Kamati iliyoongozwa na Amos Wako mwaka 2004 ilichunguza jinsi ya kuharakisha shirikisho la kisiasa, na nchi zikakusanya maoni ya wananchi 2006 na 2007. Upande wa Tanzania wengi walikataa kuharakishwa. Hilo mara nyingi hunukuliwa kana kwamba walikataa shirikisho lenyewe, na ni maswali mawili tofauti. Mtu wa takwimu akae karibu na mtu wa siasa wakati wa kusoma matokeo ya aina hii.

Na maadili hayatoshi bila kukumbuka yaliyovunja Jumuiya ya kwanza. Dibaji ya Mkataba wa 1999 inataja sababu zenyewe: ukosefu wa utashi wa kisiasa, sekta binafsi na asasi za kiraia kutoshirikishwa vya kutosha, manufaa kuendelea kugawanywa bila uwiano kwa sababu ya tofauti za maendeleo, na kukosekana kwa sera za kushughulikia hali hiyo. Ibandikeni ukutani. Kila pendekezo lipimwe: linagusa sababu ipi kati ya hizo?

Lugha

Kiswahili kinaweza kubeba mdahalo mzima kwa washiriki wa Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo, na kwa wafanyabiashara wengi wa mpakani ndiyo lugha pekee ya kueleza jambo kwa kina. Lakini msomi wa Bujumbura au Kinshasa anaweza kuwa na Kifaransa zaidi, na wa Juba au Mogadishu akahitaji Kiingereza. Amua lugha kuu, tangaza kwenye mwaliko, na ajiri wakalimani wawili kwa kila jozi ya lugha. Mkalimani mmoja hawezi kufanya ukalimani wa papo kwa papo siku nzima. Hubadilishana kila baada ya dakika 20 hadi 30, na akilazimishwa kuendelea peke yake huanza kufupisha. Wapelekee maandiko na orodha ya istilahi 40 hivi angalau siku kumi kabla.

Kosa linalojirudia ni mkutano kuanza kwa Kiswahili na kuhamia Kiingereza polepole baada ya chai ya saa nne, kwa sababu wasomi ndivyo walivyozoea kuandika. Mwenyekiti arudishe. Anayeona shida na istilahi aeleze kwa mifano, na mara nyingi hoja hutoka wazi zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye andiko.

Safari na ukumbi

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Wanaokwenda Tanzania wabebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki. Washiriki wa Kongo, Somalia na Sudan Kusini wathibitishe masharti ya viza na ubalozi wiki nane kabla, maana sheria za nchi mojamoja hazijalingana. Kila mtu abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukumbi uwe na meza zinazosogezeka. Ukumbi wa ngazi wenye viti vya kufungwa hauwezi kufanya kazi hii hata kama ni wa bure.

Kutoka kwenye ubao hadi mezani kwa ofisa

Andika muhtasari wa sera wenye kurasa mbili. Aya ya kwanza ni tatizo, ya pili ni ushahidi, kisha njia tatu zinazowezekana pamoja na gharama ya kila moja na nani anaibeba, ibara inayoruhusu, ofisi inayopaswa kutenda, na tarehe. Mkitofautiana, andikeni tofauti hiyo waziwazi. Ofisa anathamini kujua kwamba wanasheria na wachumi wanakubaliana kwenye cheti na hawakubaliani kwenye ada.

Pendekezo kama "nchi wanachama ziimarishe utashi wa kisiasa katika kuondoa vikwazo vya biashara" lifutwe. Badala yake liandikwe hivi: "Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya yakubaliane kwa maandishi idadi ya magunia ya kuchomwa bambo kwa kila lori na kina cha kuchoma, cheti kikitolewa kwa utaratibu huo kikubalike pande zote bila kupima upya, lori lisipopata jibu ndani ya saa 24 ada ya maegesho isitozwe." Hili la pili linaweza kukataliwa, na ndiyo maana lina thamani: ofisa anajua anakataa nini.

Muda wa kulipeleka ni muhimu kama maudhui. Bajeti za Tanzania, Kenya na Uganda husomwa Juni, kwa kawaida Alhamisi ya wiki ya pili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mabadiliko ya ushuru wa pamoja hukubaliwa na mawaziri wa fedha kabla ya hapo. Kwa hiyo pendekezo la ushuru likifika Juni limechelewa mwaka mzima. Lipeleke kati ya Januari na Machi, maana yake mdahalo ufanyike Oktoba au Novemba. Kongo na Somalia mwaka wao wa fedha huanza Januari, kwa hiyo kwao muhtasari upelekwe katikati ya mwaka.

Kwa mambo yasiyo ya ushuru, fuata ngazi za Jumuiya: wataalamu hukutana kwanza, kisha makatibu wakuu, kisha mawaziri, na mwisho Wakuu wa Nchi, ambao huamua kwa maafikiano. Jambo lisiloingia kwenye kikao cha wataalamu haliibuki kileleni. Tafuta ratiba ya vikao vya sekta husika na mpe muhtasari mtaalamu wa nchi yako wiki tatu kabla hajasafiri. Nakala nyingine iende kwa wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki, 9 kwa kila nchi, na hasa kamati inayoshughulikia mada yenu.

Teua mtu mmoja, kwa jina na kwa saa za kazi zilizotengwa, wa kufuatilia kwa miezi sita. Kila mwezi aandike nani amepokea, amejibu nini, na jambo gani limeombwa kuongezwa. Ofisa akiuliza takwimu ambayo hamkuwa nayo, rudisheni swali kwa washiriki wa fani husika na mjibu ndani ya wiki mbili. Maandiko yote, kumbukumbu za vikao na picha za ubao wa safu tatu viwekwe kwenye hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo ndani ya siku 30, na wafanyabiashara na wakulima walioshiriki watumiwe muhtasari kwa Kiswahili, wa maandishi au wa sauti kwenye simu, pamoja na jina la ofisi iliyopelekewa ili waweze kwenda kuuliza wenyewe.